Msiba wa Orphée katika Ufunguo wa Furaha

Mwaka 1774, jijini Paris, mwanamke mmoja alikuwa akienda opera kulia. Aliitwa Julie de Lespinasse, na barazani kwake walikutana wanafalsafa na waandishi waliotajika kuliko wote Ufaransa. Mwanamume aliyempenda, Marquis de Mora wa Hispania, alifariki Bordeaux tarehe 27 Mei mwaka huo, akiwa safarini kuja kumwona. Mwezi Agosti opera mpya ya Christoph Willibald Gluck, Orphée et Eurydice, ikafunguliwa, na Julie akaenda kuisikiliza, akarudi tena, na tena. Katika barua aliyomwandikia Guibert, mwanamume mwingine ambaye moyo wake ulikuwa umemwangukia hata kabla Mora hajazikwa, alisema anatamani kuusikia wimbo mmoja wa opera ile mara kumi kwa siku, kwa sababu unamrarua na papo hapo unampa kuonja tena yote anayoyajutia.

Wimbo wenyewe ni “J’ai perdu mon Eurydice”, yaani nimempoteza Eurydice wangu. Anauimba Orphée, mwanamuziki wa hadithi za Wagiriki wa kale, akiwa amesimama mbele ya maiti ya mkewe.

Sasa mpelekee mwalimu yeyote wa kwaya karatasi ya wimbo huo bila maneno, umuulize ni wimbo wa nini. Ataona ufunguo wa F, tena F meja, ule upande wa nuru ambao mtoto wa Sunday school huufahamu kwa do-mi-so. Maino, upande wa giza ambao kwa desturi hupewa huzuni, hautaonekana kwenye mkarara hata kidogo. Ataona sauti inayopanda na kushuka kwa upole, haina kwikwi wala mruko wa ghafla. Huenda akakwambia ni wimbo wa bembea, au wa mtu anayetembea shambani asubuhi akiwa hana neno na mtu. Wimbo huu ndio uliokuwa ukimrarua Julie.

Ilikuwaje mtunzi mwenye akili zake timamu akauweka msiba mkubwa kuliko yote katika opera yake ndani ya ufunguo wa furaha? Historia ya swali hilo ni ndefu, na inaanzia Vienna, miaka 12 kabla ya machozi ya Julie.

Gluck alizaliwa tarehe 2 Julai 1714 huko Erasbach, kusini mwa Ujerumani, mtoto wa bwana misitu. Kufikia mwaka 1762 alikuwa na umri wa miaka 48, ametunga opera nyingi kwa mtindo wa Kiitaliano uliotawala Ulaya nzima. Katika mtindo ule mwimbaji ndiye aliyekuwa bwana. Wimbo ulikuwa na sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, kisha sehemu ya kwanza ikarudiwa, na katika marudio hayo mwimbaji alikuwa huru kupamba: kutetemesha sauti, kupandisha na kushusha ngazi za noti, kuonyesha pumzi yake ilivyo ndefu. Hadithi ilisimama ikimsubiri amalize. Mtu angeweza kuwa anakufa jukwaani, lakini kwanza amalize mapambo.

Vienna Gluck alikutana na watu waliokuwa wamechoshwa na mambo hayo kama yeye. Kabaila Durazzo alikuwa msimamizi wa majumba ya maonyesho ya Kaizari. Ranieri de’ Calzabigi alikuwa mshairi Mwitaliano aliyetaka maneno machache na hisia nzito. Gasparo Angiolini alikuwa fundi wa dansi. Na mwimbaji wao alikuwa Gaetano Guadagni, kastrato, yaani mwanamume aliyehasiwa utotoni ili sauti yake isivunjike, akabaki na alto ya juu kwenye kifua cha mtu mzima. Guadagni alikuwa amefanya kazi London na mtunzi Handel, na huko alijifunza kuigiza kwa David Garrick, mwigizaji mkubwa wa Kiingereza wa zama zile. Alikuwa mkaidi kwa namna nzuri. Miaka baadaye, akiimba London, alikataa kuinamia makofi katikati ya onyesho na kukataa kurudia wimbo, kwa kuwa hakutaka kutoka ndani ya mhusika wake. Wasikilizaji walichukia sana.

Tarehe 5 Oktoba 1762, katika sherehe za siku ya jina la Kaizari Franz I, pazia la Burgtheater lilifunguliwa kwenye kaburi. Orfeo ed Euridice, kwa Kiitaliano, inaanza mazishi yakiwa yanaendelea. Eurydice ameshakufa. Kwaya inaomboleza, na Orphée hana neno jingine ila kuita jina la mkewe mara tatu. Kwaya ile iko katika C maino. Tulishike hilo, kwa sababu linaondoa visingizio vyote: Gluck alijua vizuri namna ya kuuvika msiba nguo nyeusi, na alifanya hivyo katika dakika za kwanza kabisa za opera yake.

Kisha Orphée anaruhusiwa kushuka kuzimu kumtoa mkewe, kwa sharti moja: asimgeukie kumtazama mpaka wafike duniani, wala asimweleze sababu. Anawalainisha walinzi wa kuzimu kwa uimbaji, anampata Eurydice, wanaanza safari ya kurudi. Njiani mke anauliza kwa nini mumewe hamtazami. Je, hampendi tena? Bora basi angebaki na wafu wenzake. Orphée anavumilia, anavumilia, halafu anageuka. Eurydice anaanguka na kufa mara ya pili, na safari hii mumewe ndiye aliyemuua.

Hapo ndipo wimbo unapoanza. Na ufunguo ni C, lakini C meja. Kwaya ya waombolezaji wa kukodi, tuseme, ilipewa maino. Mfiwa mwenyewe amepewa meja.

Vitabu vya zama zile vilikuwa na maoni kuhusu funguo. Marc-Antoine Charpentier, mtunzi wa Kifaransa, aliorodhesha mnamo miaka ya 1690 tabia za kila ufunguo: C meja ni wa uchangamfu na vita, F meja ni wa ghadhabu na kufoka. Rameau, mtunzi mwingine wa Kifaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1722 aliuweka C meja kwenye shangwe na F meja kwenye dhoruba na hasira. Gluck alitumia C kwa Vienna, na baadaye F kwa Paris. Milango yote miwili, kwa kufuata vitabu, haikuwa mlango wa nyumba yenye msiba.

Mimi naamini aliingia kwa makusudi, na umbo la wimbo ndilo linalonishawishi. Mkarara unarudi mara tatu, na ni huohuo. Katikati ya marudio kuna vipande viwili ambamo mwendo unakatika. Orphée anasimama, anamwita mkewe, anangoja. Hapana jibu. Anamwita tena. Hapo ufunguo unayumba, giza la maino linapita, ala zinapungua. Kisha, kama mtu aliyejikusanya, anaurudia mkarara wake wa nuru. Aliyewahi kukaa matangani anaijua hali hii. Mfiwa anapokea wageni, anauliza kama chai imewatosha, anasimulia marehemu alivyokuwa, sauti yake ya kawaida kabisa. Halafu anaingia chumbani kutafuta kitu, anaona kanzu imetundikwa msumarini, na watu wa sebuleni wanasikia. Baada ya muda anatoka, amenawa uso, anaendelea na habari palepale alipoachia. Kinachotisha ni ule utulivu wake, zaidi ya ukelele uliosikika chumbani. Gluck aliandika utulivu huo.

Lakini utulivu wa namna hiyo ni kitu chepesi kuharibika, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mtunzi mwenyewe. Mwaka 1770 alichapisha opera nyingine, Paride ed Elena, na katika barua ya kuitunuku kwa Duke wa Braganza aliuzungumzia wimbo wa Orphée. Alisema inatosha kubadili kidogo sana namna ya kuuimba ili ugeuke dansi ya vikaragosi. Noti moja ikivutwa zaidi au ikifupishwa, mwendo usipoharakishwa au sauti isipoongezwa panapostahili, pambo likiwekwa mahali pasipo pake, mtetemo, mbio za noti, basi onyesho zima limekwisha. Ndiyo maana, aliendelea, kuwepo kwa mtunzi wakati kazi yake inapoimbwa ni lazima, kama jua lilivyo lazima kwa vitu vya dunia.

Ni nadra mtunzi kukiri hadharani kwamba kazi yake kubwa inasimama juu ya waya mwembamba kiasi hicho. Mtu mwingine angesema wimbo wangu ni imara, mwimbe mtakavyo. Gluck alijua kwamba ameupa msiba ufunguo wa meja, na kwa hiyo ameuondolea kinga. Wimbo wa maino ukiimbwa ovyo bado utasikika wa huzuni, maana noti zenyewe zinaomboleza kwa niaba ya mwimbaji. Wimbo huu hauna msaada huo. Huzuni yote iko kwenye mwendo na kinywa. Ukiwahishwa ni mchezo wa vikaragosi, ukicheleweshwa ni uji.

Na mwendo huo angeuandikaje? Kipima mwendo cha muziki, metronomu, kilipata hataza ya fundi Maelzel mwaka 1815, wakati Gluck alikuwa na miaka 28 kaburini. Katika zama zake mtunzi aliandika neno moja la Kiitaliano juu ya mstari, polepole, wastani, haraka, na yaliyobaki akayafundisha kwa mdomo, kwa mkono, na kwa ukali ikibidi. Gluck hakuwa na upungufu wa ukali.

Ukali huo aliufikisha Paris mwishoni mwa mwaka 1773. Mjini humo alikuwa na mlinzi mkubwa: Marie Antoinette, mke wa mrithi wa kiti, ambaye alipokuwa binti mdogo Vienna Gluck alimfundisha muziki. Opera yake Iphigénie en Aulide ilifunguliwa tarehe 19 Aprili 1774. Wiki tatu baadaye, tarehe 10 Mei, Mfalme Louis XV akafa, na majumba ya maonyesho yakafungwa kwa maombolezo. Katika kimya hicho Gluck akaendelea kuigeuza Orfeo yake iwe ya Kifaransa, kwa maneno ya Pierre-Louis Moline.

Tatizo la kwanza lilikuwa sauti. Wafaransa hawakuwapenda makastrato jukwaani. Mashujaa wao waliimbwa na tenori wa juu sana, sauti waliyoiita haute-contre, na katika Opera ya Paris sauti hiyo ilikuwa mali ya Joseph Legros. Kwa hiyo Gluck akauhamisha wimbo kutoka C hadi F. Kwenye karatasi ni kupandisha kwa hatua nne. Lakini kwa kuwa tenori husikika oktavu moja chini ya alto, masikioni wimbo uliteremka. Sauti iliyokuwa ya ajabu, isiyo ya kiume wala ya kike, ikawa ya mwanamume anayeimba kwenye kilele cha uwezo wake. Ala za Opera ya Paris wakati ule zilipangwa chini kwa karibu toni nzima ukilinganisha na za leo, na hilo lilimsaidia Legros. Hata hivyo kazi ilikuwa nzito.

Legros alikuwa na koo nzuri, na alizoea kuitumia kama mtu anayepiga tarumbeta. Mchoraji Mannlich, aliyekuwepo wakati wa mazoezi, anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba Gluck hakuridhika na zile sauti tatu za kuita jina kaburini. Zilikuwa nzuri mno. Akamwambia Legros alie kwa uchungu kama vile kuna mtu anamkata mfupa kwa msumeno. Sijui mwalimu wa kwaya anayeweza kusema hivyo leo akabaki na kwaya yake, lakini Legros alibaki. Onyesho la tarehe 2 Agosti 1774 lilimfanya kuwa mtu mwingine. Watu waliomjua kama mwimbaji tu walimwona akiigiza. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, ambaye kwa miaka mingi alishikilia kwamba lugha ya Kifaransa haiwezi kuimbika, naye alivutwa na Orphée akairudia mara nyingi. Na Julie de Lespinasse alikuwa ukumbini.

Aprili ya mwaka 1776 Gluck alikuwa tena Paris akiandaa opera yake Alceste. Nyumbani Vienna alikuwa amemwacha Marianne, binti wa dada yake, ambaye yeye na mkewe, wasiojaliwa mtoto, walimlea kama wao. Alikuwa na sauti nzuri. Mmoja wa waliomfundisha ni Giuseppe Millico, kastrato wa soprano aliyeimba Orfeo huko Parma mwaka 1769. Marianne alifariki kwa ndui tarehe 22 Aprili, akiwa kijana wa miaka 17. Alceste ilifunguliwa kesho yake. Habari ilimfikia Gluck akiwa mbali, na mtu aliyeandika wimbo wa kumwita aliyekufa akabaki na kimya kilekile alichokiandika.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1779, kikatoka kijitabu cha mwandishi Mfaransa aitwaye Boyé. Hoja yake ilikuwa kwamba uwezo wa muziki kueleza hisia ni ndoto ya mchana. Na mfano wake? Wimbo wa Orphée. Chukua sauti ileile, alisema, badili neno moja, “nimempoteza” iwe “nimempata”, na wimbo utakwenda vizuri vilevile, pengine zaidi. Machozi ya Paris yaliletwa na maneno, muziki ulikuwa umekaa tu pembeni.

Pigo hilo lilikuwa na shabaha. Lilikaa miaka 75, kisha Eduard Hanslick, mhakiki wa Vienna, akaliokota na kuliweka katika kitabu chake cha mwaka 1854 kuhusu uzuri wa muziki, kitabu ambacho bado kinasomeshwa vyuoni. Hanslick alitaka kuonyesha kwamba muziki hauna kazi ya kubeba hisia. Uzuri wake uko kwenye noti zenyewe. Alikiri, kwa haki, kwamba Gluck angeweza kupata noti zenye huzuni ya wazi zaidi, kwa hiyo lawama kidogo ni za mtunzi. Lakini tangu hapo wimbo huu umekuwa ukiburutwa mahakamani kama kielelezo cha upande wa mashtaka.

Nimelifikiria shtaka hilo mara nyingi, na jibu langu linatoka karibu na nyumbani. Nyimbo nyingi zinazoimbwa katika mazishi kwenye makanisa yetu ziko meja. Jeneza linatoka, kwaya inaanza, do ni F au do ni G, na hakuna mtu pale uani anayeisikia furaha. Ukiuchukua wimbo uleule ukauongeza kasi na kuupigia makofi, utaufungia harusi. Boyé aliliona jambo la kweli akalielewa nusu. Aliona kwamba ufunguo hauamui msiba. Hakuuliza ni nini basi kinachouamua, ingawa Gluck alikuwa amekwisha kujibu katika barua ya mwaka 1770: mwendo, uzito wa noti, mahali pa kuongeza na pa kupunguza. Vitu hivyo navyo ni muziki. Havionekani vizuri kwenye karatasi, na Boyé alikuwa akisoma karatasi.

Ushahidi mkubwa wa pande zote mbili ulikuja Paris ndani ya miezi 13.

Tarehe 21 Oktoba 1858 mtunzi Jacques Offenbach alifungua Orphée aux enfers katika ukumbi wa Bouffes-Parisiens. Ni opera ya vichekesho. Orphée wa humo ni mwalimu wa fidla aliyechoka na mkewe. Anapomkosa anafurahi, na anakwenda kumdai kwa miungu kwa sababu tu anaogopa maneno ya watu. Anapofika mbele ya Jupita kupeleka malalamiko, Offenbach anamtilia kinywani sauti ya Gluck, ileile. Ukumbi ulivunjika mbavu. Boyé angekuwa hai angesimama kushangilia, maana wimbo wa msiba uligeuka uongo wa mume mnafiki bila noti kupinda.

Kisha tarehe 18 Novemba 1859, katika Théâtre Lyrique ya Léon Carvalho, wimbo uleule uliimbwa na mwanamke, Pauline Viardot.

Aliyeutayarisha ni mtunzi Hector Berlioz. Berlioz alikuja Paris kijana ili asomee udaktari, akaacha, na moja ya sababu za kuacha ni maandishi ya Gluck aliyokuwa akiyasoma katika maktaba ya chuo cha muziki, Conservatoire, mpaka akayajua kwa moyo. Sauti za namna ya Legros zilikuwa zimetoweka. Zaidi ya hayo, ala za Paris zilikuwa zimepandishwa mwaka hadi mwaka ili zisikike kali; noti ya A katika Opera ilikuwa imefika mitetemo 448 kwa sekunde. Serikali iliunda tume, Berlioz akiwa mjumbe pamoja na watunzi wenzake Rossini na Meyerbeer, na mwanzoni mwa mwaka huo wa 1859 ikaamriwa kwamba A kwa Ufaransa nzima iwe 435. Ufunguo wa F wa mwaka 1774 haukuwa tena F uleule. Tenori angelazimika kupanda karibu toni moja juu ya alikopanda Legros. Berlioz akaona njia: kumpa mwanamke mwenye sauti nzito nafasi ya Orphée, kuurudisha wimbo kwenye C ya Vienna, na kuyabakiza maneno ya Kifaransa.

Viardot alikuwa na umri wa miaka 38, binti wa mwimbaji Manuel García na mdogo wake Maria Malibran, aliyekuwa nyota wa Ulaya akafa kijana. Sauti yake ilikuwa imeanza kuchakaa. Alichokuwa nacho ni akili ya muziki isiyo na mfano na mwili unaojua kusimama. Berlioz ameacha maelezo ya alivyouimba wimbo huu, na kwangu hayo ndiyo maandishi yenye thamani kuliko yote kuhusu mkarara wa mistari michache.

Mara ya kwanza aliuimba kwa mwendo wa polepole, kwa huzuni iliyozuiwa. Kikaja kipande cha kuita na kimya kisichojibu. Mara ya pili mkarara uliporudi, aliuimba kwa sauti ya chini kabisa, inayotetemeka, iliyosongwa na machozi. Kikaja kipande cha pili. Mara ya tatu alibadili mwendo, akauharakisha, akauacha mwili wa Eurydice na kujirusha upande wa pili wa jukwaa, na sauti ikamtoka kama mtu aliyekata tamaa kabisa.

Noti ni zilezile mara zote tatu. Ufunguo ni C meja mara zote tatu. Kilichobadilika ni mwendo, uzito na pumzi, vile vitu ambavyo Gluck alimwandikia Duke wa Braganza. Sijui kama Viardot aliisoma barua ile. Aliitekeleza neno kwa neno. Onyesho lilirudiwa zaidi ya mara 100. Mwaka 1862 mwandishi wa riwaya Mwingereza, Charles Dickens, alikuwa kati ya watazamaji, na aliletwa mbele ya mwimbaji huyo machozi yakiwa bado yanamtiririka.

Kwa miaka 100 hivi iliyofuata, Orphée akawa mwanamke mwenye sauti nzito, na mwendo ukawa unapungua kidogo kidogo. Kathleen Ferrier, binti wa mwalimu wa shule kaskazini mwa Uingereza, aliurekodi wimbo huu kwa Kiingereza mwaka 1946, na santuri hiyo ikaingia majumbani mwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga opera. Anauimba polepole kuliko Gluck alivyoweza kufikiria, nadhani, na kwa mtu mwingine yeyote mwendo ule ungeua wimbo. Unaponea kwenye sauti yake, yenye joto la chini kama kaa lililofunikwa majivu. Februari 1953, akiwa na saratani iliyokwisha kuingia mifupani, alisimama katika jumba la opera la Covent Garden, London, kumwimba Orphée chini ya uongozi wa John Barbirolli. Yalipangwa maonyesho manne. Katika la pili, tarehe 6 Februari, mfupa wa paja ulimvunjika akiwa jukwaani. Aliimba mpaka mwisho, akiegemea. Hakuimba tena hadharani, na alifariki tarehe 8 Oktoba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 41.

Baada yake mwelekeo uligeuka. Mafundi wa ala za kale walirudi kwenye maandishi ya karne ya 18, wakapunguza mafuta, wakarudisha mwendo wa kutembea. Tenori wenye kilele cha Legros wakaonekana tena. Mwaka 2015 Juan Diego Flórez wa Peru aliimba Orphée ya Kifaransa palepale Covent Garden. Ukimsikia kwa mara ya kwanza baada ya kumzoea Ferrier utadhani ana haraka. Vumilia mpaka kwenye kipande cha kuita jina. Mwendo wa kutembea ukikatika ghafla, kimya kinakuwa kirefu kuliko kinavyoweza kuwa pale ambapo kila kitu kilikuwa tayari kimesimama. Kwa hukumu yangu huo ndio mwendo uliokuwa kichwani mwa Gluck: hatua ya mtu anayetembea kwa sababu akisimama ataanguka.

Msomaji, rekodi za wote wawili zinapatikana. Mweke Flórez kwanza, Ferrier baadaye, uzime taa, na usome maana ya maneno kabla hujaanza. Na kama wewe ni mwalimu wa kwaya, na Jumamosi hii una mazishi, na wimbo uliokabidhiwa do yake ni F, usiwaambie waimbaji waimbe kwa huzuni. Wapangie mwendo, uulinde mpaka ubeti wa mwisho.